Ubao wa Nyama na Jibini wa Krismasi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Msimu ukikaribia maswali huwa ni yale yale, kwa hiyo nimeyakusanya yote hapa. Kitu kimoja nakisema mapema kabisa maana kitarudi kwenye majibu mengi: ubao huu ni chakula, sio pambo la meza. Kila kilichokaa juu yake kiwe kinalika, na kikae pale mgeni atakapokifikia bila kubomoa nusu ya kazi yako. Huo uzuri wa Krismasi tutautoa humo humo kwenye chakula, rangi zipo tele.

Kwanza kabisa, shakuteri ni nini?

Ni nyama zilizotunzwa kwa chumvi, moshi au kukaushwa, zile za kina salami na proshuto, pamoja na pate (nyama au maini yaliyosagwa laini ya kupaka) na soseji za aina hiyo. Asili yake ni Ufaransa, huko kulikuwa na mafundi wao kabisa wa kazi hiyo tofauti na wauza nyama mbichi. Siku hizi mtu akisema ubao wa shakuteri anamaanisha nyama hizo zikiwa zimepangwa na jibini, matunda, njugu, mikate midogo na vitu vya kuchovya, watu wanazunguka wanachukua kidogo kidogo huku wanapiga stori. Na ndo maana unafaa sana sikukuu, wageni hawafiki saa moja wote na wewe hutaki kushinda jikoni unapasha moto sahani moja moja.

Ninunue kiasi gani? Nina wageni kama kumi hivi

Inategemea baada ya ubao kuna chakula kingine au hamna. Kama ni cha kuanzia tu na chakula kikubwa kinakuja, hesabu gramu 60 za nyama na gramu 60 za jibini kwa kila mtu. Kwa watu 10 hapo ni gramu 600 za nyama na gramu 600 za jibini. Kama ubao ndo chakula chenyewe cha jioni, zidisha mara mbili, yaani kilo moja na gramu 200 kila upande. Watoto wadogo wahesabu nusu.

Wengi wanakosea kwa kununua jibini nyingi mno halafu mikate inaisha katikati ya shughuli. Biskuti za chumvi na vipande vya mkate ndo vinabeba kila kitu kingine, kwa hiyo usipungue vipande sita kwa mtu na uwe na pakiti ya akiba kabatini ambayo haijafunguliwa, ikibaki haiharibiki.

Nyama zipi nichague?

Tatu zinatosha, nne kama watu ni wengi. Usichague kwa majina, chagua kwa tofauti: moja laini inayokatwa nyembamba kama karatasi, moja ngumu ya kutafuna, moja yenye moshi au pilipili.

Ya kwanza mara nyingi ni proshuto, ule mguu wa nguruwe unaokaa na chumvi miezi na miezi hadi unakuwa na utamu fulani wa ajabu, ile ya Parma huko Italia haina kitu kingine zaidi ya nyama, chumvi na muda. Usiipange ikiwa flati kama ilivyotoka kwenye pakiti. Chukua kipande kimoja kimoja, kiachie kijikunje chenyewe kama kitambaa, kiweke. Ikilala flati inagandana na mtu akivuta kimoja anaondoka na vitano.

Ya pili ni salami. Ukiikuta nzima, kata mwenyewe vipande vinene kidogo vya kama milimita tatu, na angalia ngozi ya nje, nyingine ni karatasi au plastiki na inabidi uivue kabla ya kukata. Ule unga mweupe juu ya ngozi ya asili ni ukungu uliowekwa makusudi wakati wa kukausha, hauna neno. Ya tatu weka chorizo ya Hispania, ile nyekundu inayotokana na paprika ya moshi, na nyekundu yake inakusaidia mambo ya Krismasi bila kuongeza kitu. Ukiwa na hamu ya kitu cha nne ongeza mortadella, ile soseji pana na laini ya Bologna huko Italia, au kibakuli cha pate.

Sisi hatuli nguruwe, inawezekana?

Inawezekana vizuri tu na wala hauonekani una pengo. Bresaola ni ng'ombe mtupu, inatoka Valtellina kaskazini mwa Italia, rangi yake ni nyekundu iliyokolea kuliko proshuto na inakatwa nyembamba vile vile. Ongeza salami ya ng'ombe, pastrami (ng'ombe wa viungo na moshi), na matiti ya bata mzinga au kuku ya moshi. Soma lebo hadi mwisho, maana kuna salami imeandikwa ng'ombe mbele ya pakiti na nyuma unakuta mafuta ya nguruwe au utumbo wa nguruwe ndo umetumika kuifungia. Kama wageni wako wanaotaka halali, angalia na alama yenyewe ya halali kwenye nyama, na kwenye jibini vile vile kwa sababu ya kimeng'enya cha kugandishia, ambacho mara nyingine kinatoka tumboni mwa mnyama.

Na kama umechanganya wageni, wengine wanakula nguruwe wengine hawali, tafadhali fanya ubao mbili. Kuweka kipande cha lettuce katikati na kusema huku ni huku sio heshima, koleo zinachanganywa na watu, mafuta yanatembea, na yule asiyekula ataishia kula zabibu tu usiku kucha ila kwa adabu hatakwambia.

Jibini ngapi, na zipi?

Tatu hadi nne. Laini moja, ya kati moja, ngumu moja, na ya bluu ukijua wapo wanaoipenda.

Laini: brie au camembert, zote za Ufaransa. Lile ganda jeupe linaliwa, watu wanauliza sana hili. Ya kati: gouda au cheddar changa, hizi ndo watoto na wageni wenye wasiwasi watazikimbilia, kwa hiyo weka nyingi kidogo kuliko zingine. Ganda la nta la gouda lenyewe haliliwi, limenye. Ngumu: manchego ya maziwa ya kondoo, au cheddar iliyokaa muda mrefu, au parmesan, na parmesan usiikate kwa mraba, ichome na ncha ya kisu kifupi uivunje imege yenyewe vipande visivyolingana, ukiitazama kwa karibu utaona punje nyeupe ndogo zinazokwaruza ulimi, hizo ni dalili imekaa sana na ndo utamu wenyewe. Bluu: gorgonzola laini ni rahisi kuanzia, Stilton ya Uingereza ndo ya jadi ya Krismasi kwao, Roquefort ni kali zaidi.

Ya bluu iwe pembeni na kisu chake peke yake. Kisu kimoja kikipita kwenye bluu kisha kwenye brie, jioni yote brie inanuka bluu.

Toa jibini kwenye friji dakika 30 hadi 60 kabla ya kula. Jibini baridi haina ladha, brie inakuwa kama mpira. Hili dogo linabadilisha ubao wote na halikugharimu chochote.

Nafanyaje uonekane wa Krismasi na sio ubao wa siku yoyote?

Rangi kwanza, umbo pili, mapambo ya dukani hayamo kwenye orodha.

Nyekundu unaipata kwenye komamanga, stroberi, nyanya ndogo, zabibu nyekundu, kranberi zilizokaushwa, pilipili hoho, na salami zenyewe. Kijani iko kwenye zabibu za kijani, zeituni, tango, kiwi, pistashio, matango madogo ya siki na majani ya rozmari. Nyeupe unayo tayari, ni brie na mozzarella. Dhahabu ni asali, lozi, biskuti zilizookwa vizuri na parmesan. Ukiangalia hapo hujanunua kitu chochote kwa ajili ya kupiga picha, kila kitu kinaingia mdomoni.

Siri ni kwamba rangi isisambazwe. Ukimwaga komamanga huku na kule kila mahali ubao unakuwa na vurugu na jicho halijui litue wapi. Kusanya. Kichaka cha zabibu nyekundu hapa, rundo la stroberi kule mbali nalo, na kijani katikati yao. Kisha mwishoni kabisa ndo unanyunyiza punje chache za komamanga juu ya brie peke yake, kwa sababu pale kwenye weupe ndo zinang'aa.

Komamanga nalo lina namna yake. Likate nusu, litumbukize kwenye bakuli la maji, livunje kwa mikono likiwa ndani ya maji, punje zinazama na zile ngozi nyeupe zinaelea juu, unazichota unatupa. Hakuna kuruka kwa maji mekundu ukutani. Baada ya hapo zikaushe sana kwenye taulo, punje mbichi zikikaa juu ya jibini nyeupe zinaipaka waridi na inaonekana kama imeharibika.

Nielekezeni shada la mviringo hatua kwa hatua

Hili ndo umbo ninalolipenda kuliko yote kwa sababu watu wanakaa pande zote na hakuna kitu kilichofichwa nyuma.

Tafuta ubao au sinia la mviringo la kama sentimita 30 hadi 35. Weka bakuli katikati, mle utatia kitu cha kuchovya, mfano jibini laini iliyochanganywa na mimea, au jemu ya kranberi, au zeituni. Hilo bakuli ndo tundu la shada, bila hilo duara linajaa polepole na mwisho unakuta una rundo tu.

Zungushia rozmari ukingo wa nje, vitawi vyote vikielekea upande mmoja, tuseme upande wa mshale wa saa, kimoja kikilalia mkia wa chenzake. Rudia kulizunguka bakuli kwa ndani. Sasa una njia kama ya barabara kati ya duara mbili za kijani, na humo ndo unapanga. Anza na jibini kwenye sehemu tatu zilizo mbali mbali sawa, halafu nyama kati ya jibini, halafu biskuti zikiegemea kama karata zilizotandazwa, halafu matunda, na njugu mwishoni kuziba matundu. Jaza hadi usione ubao chini. Shada likiwa na mapengo linaonekana limeliwa kabla wageni hawajafika.

Ukitaka utepe wa kufunga pale chini, chukua vipande viwili vya proshuto au bresaola, kila kimoja ukikunje kitanzi, viweke vikitazamana, na nyanya ndogo moja katikati ndo fundo. Unakaa vizuri na unaliwa.

Na mti wa Krismasi?

Mti ni rahisi zaidi kwa watoto kusaidia. Weka mstari mfupi juu, mrefu chini, mistari mitano sita: zeituni, jibini ya mraba, nyanya, salami iliyokunjwa mara nne, zabibu za kijani, rudia. Kati ya mistari lalisha rozmari. Kileleni nyota iliyokatwa kwenye cheddar kwa kikatio cha biskuti, chini kabisa shina la vijiti vya mkate. Panga juu ya ubao wa mstatili, na weka biskuti kwenye bakuli pembeni, sio ndani ya mti, kwa sababu nyanya na zeituni zinatoa maji na hazisameheani na biskuti.

Kuna na ule mkongojo wa pipi, yaani mozzarella na nyanya zikipishana moja moja kwa umbo la fimbo iliyopinda. Huo kazi yake ni dakika kumi na unapendeza mno kama ubao wa pili wa wasiokula nyama.

Yale maua ya salami yanatengenezwaje?

Unahitaji glasi yenye mdomo mwembamba na vipande 10 hadi 12 vya salami iliyokatwa nyembamba kwa mashine. Vipande vinene havikubali, vinapasuka.

Kalisha kipande cha kwanza kwenye ukingo wa glasi, nusu ndani nusu nje. Cha pili kikalie nusu ya cha kwanza. Endelea kuzunguka hadi umerudi ulipoanzia, kisha piga raundi ya pili juu yake, na ya tatu kama tundu la katikati bado ni kubwa. Kila ukiweka, bonyeza kidogo kwa vidole ili mafuta yagandane. Ukimaliza geuza glasi kichwa chini pale pale ua litakapokaa, inua glasi polepole huku unaizungusha kidogo, na ua linabaki. Kama linafunguka maana yake salami imepata joto, irudishe friji dakika kumi ujaribu tena. Lisukume ua lishikwe na jibini upande mmoja na zabibu upande mwingine, lisiachwe peke yake uwanjani.

Mawili au matatu yanatosha kwa ubao mzima. Ua ni zuri kulitazama lakini gumu kuliwa, watu wanaogopa kulibomoa, kwa hiyo hakikisha kuna salami nyingine imekunjwa kawaida karibu yake.

Nimeona brie yenye nyota nyekundu katikati, ni nini ile?

Ni jemu. Weka brie friza dakika 20 iwe ngumu, ikate nusu kwa ulalo upate duara mbili nyembamba. Duara la juu toboa nyota katikati kwa kikatio cha biskuti. Duara la chini lipake jemu ya kranberi au stroberi, rudisha la juu, jemu inachungulia pale kwenye nyota. Ile nyota uliyotoa iweke pembeni juu ya biskuti, usiitupe. Bila friza kisu kinavuta na brie inasambaratika.

Ukitaka ya moto, weka brie nzima ya gramu 200 hivi kwenye oveni ya nyuzi 180 kwa dakika 10 hadi 15, ikitetema ukiigusa iko tayari, mwagia asali na walnati. Lakini hiyo iende mezani na sahani yake, ubao hautaki joto, nyama za jirani zinaanza kutoa jasho.

Naweza kuweka majani na matunda madogo mekundu ya mapambo?

Hapa naomba mnisikilize. Holly na mistletoe, yale majani ya Krismasi yenye vitunda vidogo vyekundu au vyeupe, yana sumu. Vitunda vya holly vinatapisha na kuharisha, mtoto akiviona kwenye chakula atakula kwa sababu vinafanana kabisa na kranberi. Matawi ya miti ya Krismasi nayo usiweke, mengine yamepuliziwa dawa, na mti wa yew ambao watu wanauchanganya na misonobari ni sumu kali sana, majani na mbegu vyote.

Tumia rozmari, ukiisimamisha inafanana na tawi la msonobari na harufu yake inaendana na nyama. Taimu, seji na majani ya bay (bay leaf) pia sawa. Mnanaa unapendeza ila unanyauka baada ya saa moja, uweke mwisho. Kumeta kwa kunyunyiza, theluji ya dukani, riboni za plastiki, mishumaa yenye harufu karibu na jibini, vyote hivyo acha.

Sina ubao maalum

Sinia, trei ya kuokea iliyotandikwa karatasi ya kuokea, ubao wa kukatia mboga ambao haujakatiwa kitunguu, hata kipande cha marumaru. Kwa watu 8 hadi 10 tafuta wa sentimita 30 kwa 45. Mdogo uliojaa ni bora kuliko mkubwa wenye mapengo.

Naanza na kipi kuweka?

Bakuli ndogo, kisha jibini, kisha nyama, kisha biskuti, kisha matunda, njugu za kuziba, majani mwisho. Vikubwa vinatangulia kwa sababu havina ujanja wa kujipenyeza, vidogo vina ujanja huo.

Kitu chochote chenye maji kikae kwenye bakuli lake: zeituni, matango ya siki, jemu, asali, haradali. Na ukiweka zeituni zenye kokwa, weka na kibakuli kitupu pembeni ukiwa umetangulia kutia kokwa moja mwenyewe, wageni wataelewa bila kuambiwa, la sivyo kokwa utazikuta kwenye vyungu vya maua.

Jibini kata kidogo kabla ya kuiweka. Brie ikiwa nzima watu wanaizunguka kwa heshima hakuna anayethubutu, ukitoa kipembe kimoja tu imefunguka. Ngumu zote kata kabisa vipande.

Naweza kuandaa siku moja kabla?

Nusu, ndiyo. Jana yake kata jibini ngumu na uzifunge kwenye karatasi ya kuokea kisha kontena, toa punje za komamanga, osha matunda na uyakaushe vizuri, tengeneza vitu vya kuchovya, na pima mpangilio kwa kuweka bakuli tupu juu ya ubao upige picha ya simu ili kesho usianze kufikiria upya. Nyama iache kwenye pakiti hadi siku yenyewe, ikikaa wazi inakauka kingo.

Siku yenyewe panga jibini, nyama na zabibu saa moja au mbili kabla, funika na plastiki ya chakula, rudisha friji. Biskuti, mkate na njugu viingie wageni wakiwa mlangoni. Biskuti iliyolala friji na jibini usiku kucha hailiwi, inapinda tu.

Matufaha yangu huwa yanageuka kahawia

Ni hewa inakutana na kimeng'enya cha tunda lenyewe. Changanya kijiko kikubwa kimoja cha maji ya limau kwenye kikombe cha maji, au vijiko viwili vya asali kama hutaki uchachu, loweka vipande dakika tano, kausha. Peasi nazo vivyo hivyo.

Unaweza kukaa nje muda gani?

Saa mbili. Pakiwa na joto la zaidi ya nyuzi 32, saa moja. Kati ya nyuzi 4 na 60 ndo bakteria wanazaliana kwa raha, na ile dakika 30 au 60 ya kutoa ubaridi kwenye jibini imo ndani ya hesabu hiyo, sio ya bure. Najua proshuto na parmesan zenyewe zinavumilia zaidi, lakini juu ya ubao kuna brie, pate, tikiti lililokatwa na mikono ya watu ishirini, kwa hiyo ubao unafuata yule dhaifu kuliko wote.

Kama sherehe ni ndefu usipange kila kitu kwa mkupuo. Weka nusu, nyingine ibaki friji, saa mbili zikikaribia unaondoa kilichobaki na kuleta ubao mpya. Usijazie vipya juu ya vya zamani, hapo hutajua tena kipi kimekaa muda gani.

Kuna mjamzito na watoto wadogo, niangalie nini?

Mjamzito aepuke brie, camembert na za bluu laini, pate ya aina yoyote, jibini yoyote ya maziwa mabichi isiyo ngumu, na nyama zilizokaushwa ambazo hazijapikwa. Sababu ni listeria, huyu bakteria anaendelea kukua hata kwenye friji, na kwa mjamzito ni hatari kwa mtoto aliye tumboni. Cheddar, parmesan na gouda ngumu ziko sawa, matunda yaliyooshwa sawa. Mwekee sahani yake kabla hujafungua ubao, nzuri kama ya wengine, na zake zisiguswe na visu vya huku. Kuachwa akipekua mwenyewe nini ale nini asile mbele ya watu sio raha.

Watoto chini ya miaka mitano wasipewe njugu nzima, na zabibu zikatwe kwa urefu vipande vinne, zikiwa duara zinaziba koo sawa sawa. Nyanya ndogo vile vile. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka hapewi asali hata ya kulamba.

Aleji: uliza wageni mapema. Njugu ziweke bakuli mbali na ubao kama kuna hata mmoja, usizimwage juu.

Na wasiokula nyama kabisa?

Wape ubao wao: jibini, zeituni, mboga za kuchoma, hummus (dengu zilizopondwa za kuchovya), matunda, njugu. Ila parmesan halisi inagandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama, na siyo hiyo peke yake, kwa hiyo tafuta jibini iliyoandikwa inafaa kwa wasiokula nyama. Anayesumbuliwa na maziwa mara nyingi anavumilia jibini zilizokaa sana, laktosi, yaani sukari ya maziwa, inakuwa imebaki kidogo mno, lakini mwenye aleji ya maziwa hapana, hilo ni jambo lingine.

Bajeti ni ndogo, nipunguze wapi?

Punguza aina, usipunguze wingi. Jibini mbili nzuri na nyama moja, kisha zabibu nyingi, mkate uliokatwa na kukaushwa kwenye oveni na mafuta kidogo, mayai ya kuchemsha, karoti na tango. Usinunue zile pakiti zenye aina sita vipande vitatu vitatu, unalipia plastiki. Jibini nunua kipande, kata mwenyewe. Na matunda yawe ya msimu, stroberi isiyo na ladha iliyosafiri mbali kwa ajili ya wekundu tu haina faida, nyanya ndogo inafanya kazi hiyo hiyo.

Vinywaji?

Chochote chenye mapovu kinasafisha ulimi kutoka kwenye mafuta: mvinyo wa mapovu, juisi ya zabibu yenye gesi, maji ya gesi na limau. Chai nyeusi isiyo na maziwa nayo inaenda vizuri sana na cheddar, watu hawaijaribu vya kutosha.

Vilivyobaki nifanyie nini?

Kilichozidi saa mbili nje, hasa laini na kilichokatwa, kitupe tu, inauma lakini tupa. Kile cha nusu ya pili ambayo ilikuwa friji ndo mali. Salami iliyofunguliwa kula ndani ya siku tatu hadi tano. Ngumu zifunge kwenye karatasi kwanza ndo plastiki, zikibanwa na plastiki peke yake zinatoka jasho. Vipande vidogo vya jibini tofauti vinayeyuka vizuri kwenye mchuzi wa tambi, chorizo inakaangwa na mayai, na ganda la parmesan tia kwenye supu ya maharage ichemke nayo, litoe mwisho.

Ubao wenyewe osha kwa maji ya moto na sabuni mara moja, usiuloweke na usiupeleke kwenye mashine ya vyombo, ukauke ukiwa umesimama. Ukishaanza kuonekana mweupe na mkavu, upake mafuta maalum ya mbao yanayofaa kwa chakula uyaache usiku mzima. Mafuta ya kupikia usitumie, yanachina na ubao wa mwakani utanuka.